Vidonge vya Bwana Harusi

Kaka yangu ni fundi mizani, na mjini wanamwita Gramu. Jina hilo alipewa na wauza nyama, na hawakumpa kwa mapenzi. Mizani ya muuza nyama ikipunja gramu ishirini, muuza nyama mwenyewe huwa haoni tatizo lolote. Anayeliona ni kaka yangu, na akishaliona hatulii mpaka alitengeneze, hata kama hakuna aliyemwita. Kwa tabia hiyo amewafurahisha wateja wengi wasiomjua, na amewaudhi wachuuzi wote wanaomjua.

Mimi ni mdogo wake wa kike. Nashona sare za shule na sina subira. Nayasema haya mapema ili mtu asishangae nikimsema vibaya, kwa sababu nampenda na nitamsema vibaya.

Kibanda chake kiko nyuma ya soko, kati ya fundi baiskeli na mama anayeuza ndoo. Ndani kuna benchi, jiliwa la kubania vyuma, makopo ya springi, na mizani za kila aina: za kuning'inia, za sahani mbili, za kusimama za kupimia magunia, na hizi za betri ambazo anazidharau lakini anazipokea. Kwenye rafu ya juu kuna kisanduku cha mawe ya shaba ya kuhakikia mizani. Mawe hayo hayashikwi kwa vidole. Yanashikwa kwa kitambaa, kwa sababu, kwa maelezo yake, jasho la mtu lina uzito. Nilipokuwa msichana nililishika moja kwa mkono mtupu, na kaka akanivimbia mpaka mama yetu akaingilia kati.

Mke wake alifariki zamani kidogo. Waliishi vizuri, walinyamaziana vizuri, na alipoondoka kaka akabaki ananyamaza peke yake. Ndipo binti yake wa pekee, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, akarudi nyumbani na masanduku yake mawili, akapanga vyombo upya, akaamua baba yake ale saa ngapi na alale saa ngapi. Ni binti mzuri. Anampenda baba yake kwa namna ambayo ungedhani anamsahihisha. Na baba na binti hao wana heshima ya kizamani kati yao: baba hajawahi hata kuanika nguo zake za ndani pale ambapo binti atapita.

Ugonjwa ulianzia miguuni. Kaka alisema viatu vimenywea. Nikamwambia viatu vya jozi havinywei vyote viwili siku moja, akasema ni joto. Halafu akawa hawezi kulala bila mito mitatu, akalaumu godoro. Halafu akawa anapanda vile vingazi viwili vya kibanda chake na kusimama mlangoni akihema kama aliyekimbizwa, na hapo hakupata cha kulaumu. Binti akamkamata mkono akampeleka kliniki ya moyo. Mimi nilifuata nyuma, kwa sababu ndivyo ninavyofanya.

Pale walimpandisha kwenye mizani. Muuguzi akasoma, kaka akatikisa kichwa.

"Mizani yenu inaongopa," alisema. "Mimi najijua. Mmenizidishia kilo sita."

Muuguzi wa pale ni mama mnene, mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Hakubishana. Alisema tu, "Njoo nayo iliyo sahihi, mzee."

Nadhani alifanya mzaha. Kaka yangu hajui mzaha ni nini. Alipoitwa kliniki mara ya pili alikuja na mawe yake ya shaba, kayafunga kwa kitambaa ndani ya mkoba wa sokoni, mzigo ambao hakupaswa hata kuuinua, akaomba ruhusa ya kuihakiki mizani ya kliniki. Muuguzi akamruhusu. Wagonjwa wengine kwenye benchi walinyanyuka kuangalia. Kaka alipiga magoti huku akihema, akaweka jiwe katikati, akasoma. Akaliweka kwenye kona hii, akasoma. Akaliweka kwenye kona ile. Aliongeza mawe, akapunguza, akaanza tena. Mizani ilikuwa sahihi kabisa.

"Basi ni mimi," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka. Lakini nilimwona akiyafunga mawe yake moja moja kwenye kitambaa, taratibu, bila kumtazama mtu, nikashindwa kucheka. Nililia, tena kwa sauti, na binti akanipa leso kwa uso wa mwalimu anayempa mtoto leso.

Zile kilo sita zilikuwa maji. Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma, muuguzi alieleza, kwa hiyo maji yanabaki nyuma, miguuni na kwenye mapafu. Kaka aliuliza kwa nini moyo umechoka, na kwa sababu siku hiyo foleni ilikuwa fupi, muuguzi akakaa chini akatueleza habari ya mishipa. Nitaisimulia nilivyoielewa.

Ndani ya kila mshipa wa damu kuna ngozi nyembamba sana. Ngozi hiyo inatengeneza gesi, inaitwa nitriki oksaidi. Haionekani, hainuki, na haidumu. Inatoka, inafanya kazi yake, inatoweka. Kazi yake ni moja tu, kuuambia msuli wa mshipa: legea. Mshipa unalegea, njia inapanuka, damu inapita kwa raha. Sasa moyo ukishindwa kazi, ngozi ile nayo inadhoofika na gesi inapungua. Mishipa inakaza. Na moyo ambao tayari umechoka unaanza kusukumia damu kwenye njia zilizobanwa, basi unachoka mara mbili.

"Inapungua kiasi gani?" kaka aliuliza.

"Kiasi cha wewe kuvimba miguu," alijibu muuguzi.

Kaka alionekana kuridhika na kipimo hicho. Akapewa dawa ya kukojoa, akakatazwa chumvi, yeye aliyekwisha kula chumvi nyingi kuliko wote mle ndani, na akapewa kidonge kidogo cheupe cha kulegeza mishipa. Kidonge hicho kikifika mwilini kinatoa gesi ileile ambayo ngozi imeshindwa kuitoa. Kinamezwa asubuhi, saa nane mchana, na jioni, halafu usiku mishipa inaachwa ipumzike, maana ikikizoea hukipuuza. Wiki ya kwanza kilimpasua kichwa. Alikaa kibandani na kitambaa cha maji kwenye paji la uso, akisema gesi imepotea njia imepanda juu. Wiki ya pili kichwa kikaacha, miguu ikaingia kwenye viatu, na viatu vikasamehewa.

Ila siku ile ya kukipokea kidonge muuguzi alitoa onyo moja, na hilo nalikumbuka neno kwa neno.

"Kuna dawa moja haikai na hii katika mwili mmoja," alisema. "Dawa za nguvu za kiume. Mwili unapoandika legea kwenye mshipa, baadaye unafuta wenyewe, kama ubaoni. Dawa zile zinazuia kufuta. Hii inaandika, ile inazuia kufuta, basi mishipa yote inafunguka kwa pamoja, damu inakaa chini, presha inaanguka, na mtu anaondoka. Sisemi anaugua. Nasema anaondoka. Mzee, unatumia dawa yoyote ya namna hiyo?"

Kaka alitazama dari. Binti alikuwa amekaa katikati yetu, mkoba wa dawa mapajani.

"Dada, baba yangu si mtu wa mambo hayo," alisema, kama aliyetukaniwa ukoo.

"Hakuna," alisema kaka.

Wakati ule ilikuwa kweli. Kila walipokwenda kliniki swali liliulizwa tena, binti akaudhika tena, kaka akatazama dari tena, na muuguzi akaandika hakuna.

Halafu akatokea mama mmoja wa duka la nafaka.

Alikuwa mjane, mcheshi, mwenye mikono mikubwa, na alileta mizani yake ikaguliwe kwa sababu alisikia ikilia. Kaka akaihakiki, akakuta inampunja mwenyewe. Kila kilo aliyouza ilikuwa na gramu thelathini za zawadi. Akamweleza kwa huzuni, kama anayetoa habari ya msiba. Yule mama akacheka mpaka akashika benchi.

"Ndiyo maana wateja wananipenda," alisema. "Nikadhani ni sura."

Kaka yangu hakuwahi kukutana na binadamu aliyecheka mbele ya mizani mbovu. Aliitengeneza polepole sana. Ikawa inarudi kibandani mara kwa mara, leo springi, kesho sahani, kesho kutwa haisemi ina nini. Mizani ile naifahamu, haina kitu cha kuharibika mara nyingi hivyo. Nilipomuuliza, aliniambia ni chuma cha siku hizi. Nikamwambia sawa, kaka, chuma cha siku hizi kina mambo.

Alipotaka kuoa alinitanguliza mimi, kwa sababu mimi ni shangazi na shangazi ndiye anayetumwa. Nilimkuta binti akisahihisha madaftari.

"Umri huu, Shangazi?" aliuliza bila kuinua kalamu nyekundu.

"Umri upi? Mtu bado anapanda ngazi."

"Anapanda kwa dawa. Na moyo ule?"

"Moyo ule ndio uliomchagua huyo mama."

Akasahihisha daftari zima kabla ya kunijibu. Mwishoni alikubali, kwa masharti: dawa atampa yeye mpaka mke ajifunze saa zake, na chakula cha harusi kisiwe na chumvi. Wifi yangu mtarajiwa akakubali yote. Habari ya moyo aliijua. Kaka alimweleza siku ya kwanza, kama muungwana anayetaja kasoro ya kitu anachokiuza. Binti akamfundisha vidonge, rangi na saa, akamsomea maonyo yote isipokuwa lile moja. Hilo aliliruka. Baadaye alisema aliona halihusiki, na tena angelitamkaje mbele ya mama mkwe, samahani, mama wa kambo, hata jina lake hakuwa amelizoea.

Sasa nije kwa kinyozi. Haya niliyajua baadaye, nusu kutoka kwa kaka na nusu kutoka kwa kinyozi mwenyewe, ambaye nilimtembelea nikiwa na mkasi wangu wa kukatia vitambaa. Kinyozi yule ni mtaalamu wa mambo yote isipokuwa nywele. Kaka alikwenda kunyolewa kabla ya harusi, akiwa na hofu ya kila mwanamume aliyekaa miaka mingi peke yake na sasa anaoa mwanamke anayecheka. Hofu hiyo hakumwambia mtu. Kinyozi aliiona kwenye kioo.

"Mzee, nina kitu hapa," alisema.

"Kina nini ndani?"

"Mizizi mitupu."

"Mizizi ya nini?"

"Mzee, ya nguvu."

Mizizi yenyewe ilikuwa ya rangi ya buluu, imepigwa chapa vizuri, iko ndani ya karatasi ya kung'aa. Na kaka yangu, mtu asiyeamini mizani yenye muhuri wa serikali mpaka ameipimia mwenyewe, akaamini kinyozi. Sina maelezo ya jambo hilo. Mizizi si dawa za hospitali, alijiambia, na alilokatazwa ni dawa za hospitali.

Harusi ilikuwa asubuhi, nyumbani kwa bibi harusi, watu wachache na viti vya kuazima. Kaka alivaa suti niliyomshonea mimi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakulalamikia vipimo. Alikaa pembeni ya mke wake akitabasamu kwa aibu, na alipoambiwa aseme neno alisimama, akasema, "Nashukuru," akakaa. Watu walipiga makofi kama amehutubia. Chakula hakikuwa na chumvi na kila mtu alikisifia huku akikitafutia chumvi.

Baada ya saa saba wageni wakaanza kuaga. Hapo ndipo kaka alipoingia stoo, kati ya magunia ya maharage, akameza mizizi yake. Akatoka akakaa kwenye kiti chake, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

Saa nane kamili binti akatokea na sinia, juu yake glasi ya maji na kidonge cheupe.

Nilikuwa nimesimama hapohapo nakunja vitambaa vya meza. Nilimwona kaka akikitazama kile kidonge, na uso wake ukabadilika.

"Leo turuke hiki, mwanangu," alisema. "Leo ni siku yangu."

"Siku yako ina saa nane kama siku nyingine, Baba."

"Nitakimeza jioni."

"Jioni kuna cha jioni."

Mimi nilicheka. Niliona bwana harusi anabembeleza kama mtoto wa darasa la kwanza. Nisingejua, na binti asingejua. Alichokuwa nacho kaka kilikuwa ni sababu, onyo la muuguzi lililomrudia ghafla, na sababu hiyo baba hawezi kuitoa kwa binti yake aliyesimama na sinia. Angeweza kuniita mimi pembeni. Angeweza kusema tumbo linamuuma. Angeweza kukificha chini ya ulimi. Lakini mtu aliyezoea kusema kweli maisha yake yote hana uzoefu wa uongo unapohitajika haraka. Binti akasubiri. Kaka akakichukua kidonge, akakimeza, akanywa maji yote, akarudisha glasi.

"Asante, mwanangu," alisema.

Alipoinuka kumuaga mgeni wa mwisho, walishikana mikono, na katikati ya kushikana huko kaka akaanza kushuka. Hakuanguka kwa kishindo. Aliteleza chini taratibu kama nguo inayochomoka kwenye kamba, na mgeni, kwa adabu, akainama naye bila kuuachia mkono. Rangi ilimtoka usoni. Bibi harusi alifika kwanza. Alimwinua peke yake, mikono ile mikubwa ikafaa, akampakia kwenye gari lake la kubebea magunia, na tukaenda hospitali na nguo za harusi, mimi nimekishika kichwa cha kaka na binti ameushika mkoba wa dawa kifuani.

Chumba cha dharura kiliruhusu ndugu wawili. Wifi akabaki kwenye benchi la nje na gauni lake, watu wakimtazama. Ndani kulikuwa na kitanda cha chuma ambacho zamani kiliweza kuinuliwa upande wa miguu kwa kuzungusha mkono wa chuma, na mkono huo haukuwepo. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, hana makuu. Alimpima presha mara mbili, kwa kuwa ile ya kwanza hakuipenda. Ya pili ilikuwa ndogo zaidi.

Baada ya kulazwa chali, kaka alikuwa amepata fahamu kidogo. Macho yalikuwa wazi. Binti akataja dawa zote za baba yake, moja baada ya nyingine, kiasi na saa, bila kufungua mkoba. Daktari alisikiliza huku ameweka kipimo chake kifuani kwa kaka.

"Nitawaambia ukweli," alisema. "Mtu mwenye moyo kama huu presha ikianguka, kuna mambo mawili. Ama moyo wenyewe umeshindwa zaidi, na hapo nikimpa maji ya dripu nitamzamisha. Ama mishipa imelegea kupita kiasi, na hapo asipopata maji tutampoteza. Njia hizi mbili hazikutani popote. Lazima nijue amekunywa nini leo."

Akamwinamia kaka.

"Mzee, zaidi ya dawa hizi, kuna kitu kingine umekunywa? Chochote. Cha dukani, cha kienyeji, cha nguvu za kiume. Hapa hakuna wa kukucheka."

Kaka alitazama dari.

"Hakuna," alisema.

Daktari akanyooka. Dripu ilikuwa imetundikwa tayari, mrija mkononi mwa kaka, na kile kigurudumu cha kufungulia kilikuwa kimefungwa. Kidole cha daktari kilikuwa juu yake na hakikusogea. Akapima presha tena.

Hapo nikaelewa, ingawa sikuelewa nini. Nilielewa tu kwamba kaka yangu anaogopa kitu kilichomo mle chumbani kuliko anavyoogopa kufa. Nikamgeukia binti.

"Mwanangu, toka nje kidogo."

"Sitoki."

"Toka, nakuomba. Mara moja tu."

"Shangazi, akifa niwe wapi? Mlangoni?"

Alisema kwa sauti ya darasani. Akamtazama baba yake. Baba akafumba macho. Nilimwona binti akiwaza, vile anavyowaza, hatua kwa hatua, na nikaona alipolifikia jibu. Akageuka akaukabili ukuta, mgongo kwa baba yake, mkoba wa dawa bado kifuani.

"Daktari," alisema kwa ukuta. "Baba amekunywa dawa ya nguvu za kiume."

Daktari alimtazama, kisha akamtazama kaka.

"Umemwona?"

"Sikumwona. Lakini saa nane aliniomba turuke dozi. Hajawahi kuomba hata siku moja. Nikamlazimisha." Akaukaza mkoba kifuani. "Leo alikuwa anaoa, Daktari. Baba yangu ni mwanamume. Hawezi kukuambia nikiwa hapa, na mimi siwezi kutoka. Kwa hiyo nakuambia mimi. Andika amekunywa."

Mimi shangazi mtu, ambaye kazi yangu ilikuwa kuyasema hayo, nilikuwa nimemwachia yeye.

"Mzee," daktari alisema polepole, "ni kweli?"

Kaka alivuta shuka mpaka ikamfunika uso. Kwa muda tuliona shuka tu, ikipanda na kushuka kidogo.

"Nusu," ilisema shuka.

Daktari akasubiri.

"Halafu nusu nyingine."

Daktari hakucheka, na kwa hilo nitamwombea heri mpaka nife. Alifungua kigurudumu. Maji yakaanza kushuka matone, si haraka, na kila baada ya muda alisikiliza mapafu ya kaka kuhakikisha hayajaanza kujaa. Akasema kile kidonge cheupe kaka asipewe tena, hata chembe, mpaka yeye mwenyewe aruhusu, kwa sababu mizizi ya kinyozi huchukua muda kutoka mwilini. Kisha akasema miguu iinuliwe juu, damu irudi kichwani, akatafuta ule mkono wa kitanda ambao haukuwepo.

"Nitaishika mimi," alisema binti.

Aliweka mkoba chini. Akaenda mwisho wa kitanda, akaichukua miguu ya baba yake, akaiweka visigino begani kwake, akaikumbatia. Alikuwa bado ameugeuzia uso ukuta. Soksi za harusi zilikuwa mpya, bado zina karatasi ya bei kwenye unyayo. Nilitoka kumwambia wifi kwamba mumewe yu hai, akanishika mkono akauliza amepatwa na nini hasa, nikamwambia atamweleza mwenyewe wakiwa wawili. Alinitazama sana. Halafu akauziba mdomo kwa kiganja, na sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

Niliporudi, shuka ilikuwa imeshuka mpaka kidevuni. Presha ilikuwa imepanda, si sana, lakini daktari alikuwa amekaa kwenye stuli, na mtu hakai kama mgonjwa anaondoka. Midomo ya kaka ilikuwa na rangi. Mikono ya binti ilikuwa ikitetemeka kwa uzito wa miguu, na mabega nayo yakitetemeka, ila hayo hayakuwa kwa uzito.

"Mwanangu," kaka alisema. "Shusha sasa, utachoka."

"Sichoki."

"Ni mizito. Naijua."

"Baba, lala," alisema, na akaipandisha kidogo begani.